Damaina, Yaya wa Kutoka Githio

Mama mkwe wangu alipiga yowe lililowatoa wafinyanzi wote kwenye magurudumu yao. Alikuwa ameingia chumbani akamkuta mjukuu wake wa kwanza, Filagro, yu uchi juu ya ngozi ya kondoo, anarusharusha miguu hewani, na yaya mpya amekaa kando anakunja vile vitambaa tulivyomviringishia tangu azaliwe.

"Utampinda miguu! Mfunge haraka!"

"Mtoto si furushi, mama," yaya alijibu bila hata kugeuka. "Mwache anyooke mwenyewe."

Huyo ndiye Damaina. Matajiri wa Athene walikuwa wakigombea mayaya wa Lakonia, nchi ya Sparta, kwa kuwa watoto waliolelewa nao hawaogopi giza wala hawachagui chakula. Sisi hatukuwa matajiri. Mume wangu, Mnesia, alikuwa na karakana ya vyungu na kishamba cha mizeituni, basi. Lakini nyumba iliyomwita Damaina ilikuwa imeshapata yaya mwingine kabla meli yake haijatia nanga, na Mnesia, aliyekuwa bandarini kupakia mitungi, akamkuta amekalia mzigo wake, hana hata chozi. Akamleta kwetu.

Ukimwita Msparta alikasirika. "Mimi mtu wa Githio, pwani. Wasparta ni wale wa mjini, wanaokula pamoja kama askari mpaka uzeeni. Sisi wa pembeni tuko huru: huru kuwashonea viatu, kuwafulia mikuki, na kufa kwenye safu zao." Mumewe alikuwa amekufa hivyo, katika vita ambavyo Githio nzima ilivisikia kwa mara ya kwanza siku ileile wanaume walipoitwa.

Mimi, tangu niolewe, barabara niliijua siku za sikukuu na za mazishi tu. Damaina alitembea sokoni kichwa juu, anapiga hatua ndefu kama mwanamume anayedai haki yake. Alinicheka waziwazi. "Mwanangu, unaogopa jua litakuyeyusha? Kwetu wasichana wanakimbia mbio, watu wanawashangilia." Akanikamata tukawa tunabeba maji pamoja ndani ya ua, kwenda na kurudi, mpaka mabega yangu yakakaza na mama mkwe akanung'unika kwamba nimekuwa kama mpiga makasia.

Mwaka ule jina la Mnesia likaingia katika kura ya baraza. Akachomoa haragwe jeupe kati ya meusi, akawa mjumbe. Alirudi nyumbani kavaa shada la majani ya mhadasi, alama ya wajumbe, na uso umempauka.

"Mfinyanzi, mjumbe wa baraza!" Damaina aliangua kicheko hadi akashika mbavu. "Kwa haragwe! Hata mpishi hateui maharage ovyo hivyo."

"Kwenu je?" Mnesia akamrudishia. "Mna wafalme wawili. Mmoja hatoshi?"

"Wawili, ili mmoja akipotea mwingine amcheke. Na wako wasimamizi watano wanaoweza kuwatoza faini wote wawili."

"Na wazee wenu wa baraza mnawapataje?"

"Kwa kelele," Damaina akakiri. "Anapita mmoja mmoja, watu wanapiga makelele, na waamuzi waliofungiwa chumbani wanasikiliza nani kashangiliwa zaidi."

Mnesia alicheka mpaka shada likamwangukia puani. "Kama mnada wa nguruwe!"

"Ndiyo, lakini nguruwe wetu angalau wana mvi."

Basi vita vikaja. Mkutano wa wananchi ulipiga kura ya kupigana na Sparta, na majira ya kuiva ngano jeshi la Sparta likaingia mashambani kwetu. Watu wa vijijini wakamiminika ndani ya kuta na magodoro yao na hata milango ya nyumba zao. Binamu ya mume wangu, Strombiko wa kijiji cha Akarnai, akahamia uani kwetu na mkewe. Kila asubuhi alipanda ukutani kutazama moshi upande wa nyumbani kwake, na kila aliposhuka alimtazama Damaina kwa jicho baya.

Siku moja, Mnesia akiwa barazani, Strombiko alirudi na wanaume wa Akarnai waliobeba fimbo. Wakasimama mlangoni.

"Mtoeni huyo jasusi! Anawapigia wenzake ishara kwa moshi!"

Damaina akatoka na mwiko mkononi. "Moshi wa dengu huo, Strombiko. Jana ulikula bakuli mbili za ishara."

Mmoja alicheka, wenzake wakamkata jicho. Strombiko akainua fimbo. "Mizeituni ya babu yangu imekatwa!"

"Najua, na ninakuonea uchungu. Lakini nikuulize. Siku ya kura ya vita ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ulinyoosha mkono?"

Akaitikia kwa kichwa, fimbo bado juu.

"Mume wangu alikufa vitani bila mtu kumwuliza neno. Mimi nina mvi, na hakuna mji ulioniuliza lolote, si ule wala huu. Wewe uliulizwa, ukajibu. Sasa unanipigia nini?"

Sijui nini kilinisukuma. Nilijikuta nimevuka kizingiti, uso wazi, katikati ya barabara, nimesimama bega kwa bega na yaya wangu. "Hata mimi sikuulizwa, shemeji," nikasema. "Ukitaka kumtoa hapa, anza na mimi."

Hawakujua la kufanya na mke wa mtu barabarani. Walikuwa bado wanatazamana Mnesia alipotokea, ameitwa na mmoja wa wafinyanzi wetu, shada kichwani, amekimbia mpaka pumzi zinamkata. Safari hii uso haukumpauka.

"Huyu ni mkaazi aliyeandikishwa, na mdhamini wake ni mimi. Mwenye shtaka aende mahakamani akalithibitishe. Mlangoni kwangu fimbo haihukumu mtu."

Wakatawanyika. Strombiko aliketi chini palepale, akajifunika uso, akalia kwa ajili ya mizeituni yake. Damaina alimletea dengu, akakaa naye.

"Ikikatwa ukabaki mzizi, inachipua," alimwambia. "Usiving'oe visiki." Kisha akanigeukia. "Hapo mji wenu umetupita, mwanangu. Kwetu mgeni wakimchoka wanamfukuza, wala hapati pa kujitetea."

Mnesia akaniuliza nilikuwa natafuta nini barabarani. Nikamjibu kwa swali. "Wewe ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha."

"Mbona hukuniambia?"

Siku ya mkutano uliofuata, kabla hajafunga viatu, alikaa mezani na mkate wake akatueleza hoja zote, za huku na za huku. Damaina alimkatiza mara kwa mara. Mimi nilibishana naye juu ya ngano ya kuwagawia waliokimbilia mjini, hadi mkate ukaisha.

"Haya, nimekubali," akasema akiinuka. "Juu ya ngano mmenishinda."

"Basi nenda," nikamwambia, "na ukirudi utuambie wengine walisemaje."

Alirudi, akatuambia.