Koti Iliyomkataza Makau

Hapana, hakuwa amelewa. Hapo watu wameongeza chumvi. Siku hiyo Makau alikuwa mkavu kabisa, na shida yenyewe ilianzia hapo.

Ukitaka kumjua, mwone saa kumi na mbili asubuhi Kawangware, pikap ya tajiri wake ikipakiwa mbao. Kabla ya kuwasha gari anapumua kwa kiganja, ananusa. Wapakiaji wanamcheka, wanamwuliza kama leo amepiga mswaki. Anacheka nao, halafu anawasha.

Hiyo tabia ilianza miaka miwili iliyopita, baada ya matanga ya jirani huko Gatwekera. Kaluvu, ile pombe ya Kikamba, ilikuwa nyingi. Makau akanywa hadi usiku wa manane, akalala kidogo, akaamka akatafuna kitunguu mbichi na kushushia na maziwa. Akajua amemaliza kesi. Si hivyo ndivyo tumeambiana miaka yote?

Asubuhi hiyo hiyo akapulizishwa alcoblow, ile mashine ya polisi ya kupima pombe. Sheria inakubali thelathini na tano. Yake ikasoma hamsini na mbili.

"Kitunguu ilifanya polisi asimame mbali kidogo," anasema. "Lakini mashine haina pua."

Faini inaweza kufika laki moja, au jela miaka miwili, au vyote. Yeye, hakimu alimhurumia: elfu arobaini, leseni akanyang'anywa mwaka mzima, na onyo asiguse pombe siku ya kuendesha. Bibi yake, Kasiva, akauza cherehani. Makau, mtu wa miaka hamsini na tatu, akavuta mkokoteni. Majirani waliambiwa gari imeharibika.

Sasa tufike ile Jumamosi. Kijana wake Timothy alikuwa amepata msichana, Trizah, binti ya Nereah anayeuza dagaa za omena Kawangware. Makau akaazima suti na pikap ya tajiri, akaweka mbuzi nyuma na Kasiva mbele, wakaenda kwa kina Trizah, mtaa wa Satellite.

Babu ya msichana, Mzee Osewe, alikuwa ametoka Homa Bay kwa ajili ya siku hiyo. Akajaza kibuyu busaa, pombe ya nafaka, akanywa, akampa Makau. Kwao ukikataa hicho kibuyu, umekataa msichana.

Makau akashika, akarudisha. "Mzee, sitaweza. Koti imenikataza."

Osewe akaiangalia ile suti toka shingoni hadi magotini. "Basi vua hiyo koti, ukunywe."

Watu wakacheka. Osewe hakucheka. Akasema kama koti ya huyu Mkamba inaonea kibuyu chao haya, arudi nayo nyumbani, na mbuzi wake pia. Timothy akaangalia chini. Trizah akasimama mlangoni na sufuria mkononi, hajui aingie au atoke.

Wacha nikwambie, funda moja tu ingemaliza maneno. Makau anakubali aliifikiria. Lakini jioni angeshika usukani, na Kasiva kando yake. Kunyamaza nako kungemkosesha kijana bibi.

"Mzee, sio koti ya kuvaa," akasema. "Ni ya Kibera. Ya hakimu." Akaeleza yote, kitunguu, mkokoteni, hata cherehani, mbele ya watu aliotaka wamwone mtu mkubwa.

Halafu Nereah akauliza polepole, "Na maziwa haikusaidia?"

"Hata kidogo, mama Trizah."

Osewe akacheka mpaka akapaliwa, akapigwa mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Mtu anaogopa funguo ya gari namna hii, huyo atanibebea wajukuu salama." Akamwaga busaa kwa bakuli yake, akaagiza kibuyu kioshwe.

Nereah akakirudisha kimejaa uji wa wimbi. "Haujachacha," akamwambia Makau. "Nimepika asubuhi. Pumua bila wasiwasi."

Makau akanywa. Osewe akanywa baada yake, mahali pale pale mdomo wa Makau ulikuwa.

Siku hizi Makau anaweka pesa kidogo kidogo kwa chama cha akiba anunue pikap yake. Mzigo wake wa kwanza, anasema, hautakuwa mbao. Ni Timothy na Trizah siku ya harusi, yeye mwenyewe kwa usukani.

Lakini hiyo ni baadaye. Siku hiyo Trizah aliingia na sufuria ya samaki, Nereah akaleta ugali, maji ya kunawa yakazunguka. Viti havikutosha. Osewe akasogea kwa benchi, akapiga mbao kando yake kwa kiganja, na Makau akaketi. Kasiva akaketi. Wote wakaketi, wakala.