Gari la Kumfuatia Atupele

Ukifika Tunduma na gari linalozimika njiani bila sababu, mafundi watakuzungusha weee. Watabadilisha plagi, watasafisha pampu ya mafuta, watakulaza mjini bila kupenda, na wakishindwa kabisa ndipo watakapokwambia, "Mpelekee Edson." Edson ni fundi umeme wa magari. Hana bango wala uzio, ana uwanja wa vumbi mbele ya vyumba viwili vya kupanga, na anaongea na magari kuliko anavyoongea na watu.

Ajabu ni kwamba gari lake mwenyewe lilikaa mbele ya mlango wake muda mrefu bila kuwaka, kuku wa jirani wakitagia chini yake. Mganga hajigangi, majirani walimtania. Alicheka, lakini kile kilikuwa kicheko cha mdomoni tu, kwa sababu gari lile alikuwa amelinunua kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwepo.

Alilinunua likiwa limekufa. Maji ya mvua yalikuwa yamepenya pembeni ya kioo cha mbele, yakashuka nyuma ya kidroo cha abiria mpaka kwenye kontroli boksi, kile kisanduku bapa kinachoiamrisha injini lini ivute mafuta na lini ipige cheche. Edson alipokifungua alikuta kutu ya kijani imetambaa kwenye nyaya zake nyembamba zote. Vingine vyote vilikuwa vizima. Ilibaki kutafuta boksi nyingine yenye namba zilezile, kuichomeka, basi.

Sasa, kwa nini fundi wa pale mjini, penye mabasi na bodaboda za kumwaga, ajitie kununua gari bovu? Ni kwa ajili ya neno la shemeji. Siku alipokwenda kijijini Iyula kumwoa Atupele, Gwamaka, kaka wa bibi harusi, alimshika bega mbele ya watu wote akasema, "Fundi magari gani wewe, unakuja kuoa kwa basi? Dada yetu tumempa utingo wa basi!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shemeji akikutania amekukubali, na Edson alilijua hilo tangu utotoni. Lakini lile neno lilimwingia kama mwiba, akaondoka nalo.

Miaka ikapita, watoto hawakujaliwa, wakaishi wawili. Kisha bibi aliyemlea Atupele akafariki. Atupele akatangulia Iyula, Edson akasema, "Namaliza gari la mteja, nakuja kesho." Kesho ikaja na gari jingine. Alituma rambirambi kwa simu, akadhani yamekwisha. Hayakwisha. Mkwe huonekana makaburini hata kama ana homa, hata kama amegombana na ukoo mzima. Bibi alizikwa, watu wakatazamana, mkwe hayupo. Atupele hakurudi Tunduma.

Mke akikaa kwao kwa hasira, mume humfuata. Hutafuta mtu mzima wa kumsemea, huketishwa, husemwa mpaka masikio yakawaka moto, huomba radhi, halafu mke hufunga mizigo. Ndivyo mambo yalivyo, na hayahitaji elimu kubwa. Asiyekwenda, ukimya wake huchukuliwa kuwa ndiyo jibu lake.

Edson alitaka kwenda. Tena alitaka sana! Ila aliapa moyoni kwamba safari hii hatashuka kwenye basi Gwamaka akimtazama, ndipo akalinunua lile gari bovu. Atafika na gari lake, atapiga honi, Atupele atakaa kiti cha mbele. Kila Atupele alipompigia kumuuliza, "Unakuja lini?" yeye alijibu, "Boksi ikipatikana tu, mke wangu." Alijifariji kwamba kawia ufike. Alisahau kwamba waliosema hivyo ndio hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jioni alipika ugali wa watu wawili, kwa sababu mkono ulizoea kile kipimo, kisha akala nusu. Nje malori ya kwenda ng'ambo ya mpaka, Zambia, yalipanga foleni mpaka pasipoonekana mwisho, madereva wakiitana, wakicheka, wakiuziana vocha. Mji ule hauna saa ya kimya. Edson alikaa ndani ya gari lake lililokufa, mlango wazi, mikono kwenye usukani, akiwasikiliza watu wasiomjua. Alimkumbuka Atupele mno, na hakumwambia mtu yeyote.

Boksi ya kwanza aliipata ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde. Muuzaji aliapa, "Ni nzima hii, mukwai, bwana wangu!" na kweli ilikuwa nzima. Edson alichomoa waya wa betri, akaondoa kidroo, akabana soketi mpaka zikalia. Gari likaunguruma. Alicheka peke yake mle ndani, akapanga kuondoka Jumamosi.

Ijumaa akafika Makene, mfugaji wa kule bondeni Momba, gari lake la aina ileile likivutwa kwa kamba. Mkewe, Nyanzobe, alikuwa kiti cha nyuma na kichanga, wametoka hospitali. Mafundi umeme wana njia yao ya kupima: ukishuku boksi, unaazima ya gari zima la aina hiyo, unaichomeka kwenye gari gonjwa. Likiwaka, ugonjwa umeuona. Edson akaazima yake mwenyewe. Gari la Makene likawaka mara moja.

"Fundi, twende nayo hii," Makene aliomba. "Nitakuletea nyingine. Haki ya Mungu nakuletea."

Edson alimtazama Nyanzobe, jinsi alivyokikinga kichanga jua kwa kiganja. "Nendeni tu," alisema.

Makene ni mtu wa neno lake, alileta. Lakini boksi aliyoileta haikumaliza wiki, ikaondoka na dereva mwingine aliyekwama. Iliyofuata nayo vilevile. Majirani walisema Edson ana roho nzuri, na wala hawakukosea. Ile ya kwanza ilikuwa huruma, nakubali. Zilizofuata zilikuwa woga. Mtu aliyekosa maziko anaogopa kuketishwa, na gari bovu ni kisingizio kizuri kuliko homa, maana kila mtu anaweza kuliona limesimama pale. Alipokuwa akichomoa boksi na kumpa mteja, mikono yake ilikuwa myepesi. Aliuona mwenyewe ule wepesi na akaona haya.

Simu za Atupele zikapungua. Zikawa za Jumapili, zikawa za salamu tu, kisha zikakoma. Ukimya ule ndio uliomshtua. Alitafuta boksi nyingine kwa pupa, akaifunga, na fundi mwenzake alipokuja kuiazima alimfokea, "Hii haitoki! Namfuata mke wangu!" Aliosha gari, akanunua sukari na vitenge viwili, akaondoka. Mtu mzima wa kumsemea hakumtafuta. Aliona gari litamsemea.

Lilikwenda vizuri mno. Milimani halikukohoa hata mara moja, taa ya injini imezimika tuli. Alikata kona ya Iyula akapita kwenye mikahawa iliyoanza kuiva, na alipofika uani kwa mzee Osea, baba yake Atupele, akapiga honi ndefu.

Gwamaka alitoka. Edson akashuka akitabasamu, akiwa ameshaandaa jibu la utani wowote utakaokuja. Haukuja. Gwamaka alilitazama gari, akamtazama yeye, akampa mkono kwa adabu.

"Karibu sana, ndugu. Habari za Tunduma?"

Afadhali Edson angetukanwa, angeitwa utingo, angefukuzwa kwa fimbo, lolote lile. Shemeji anayekuheshimu namna hiyo si shemeji tena.

Mzee Osea alimpokea barazani. Wakamletea kiti cha wageni na soda ya dukani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umesafiri salama?"

"Salama, baba. Nimekuja... nimemfuata mwenzangu. Nimekosa, naomba mnisikilize."

Mzee alimsogezea ile soda. "Tungekusikiliza. Tulikaa na wazee tukakungoja, mama yako mkwe akapika. Hukuja. Tukakaa tena. Mara ya tatu wazee wakasema, huyu keshasema."

"Nilikuwa natengeneza gari, baba."

"Ndiyo," mzee alisema. "Tunaliona." Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Atupele alitoka shambani, vidole vikinata maji ya kahawa. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. Edson alitaka kumkumbatia, akashindwa kujua kama anaruhusiwa. Walitembea pamoja mpaka kwenye gari, naye akaligusa boneti.

"Limewaka," Atupele alisema.

"Limewaka. Kiti chako hicho hapo mbele. Twende nyumbani."

Aliondoa mkono. "Edson, mimi nilikwambia nataka gari?"

Edson alimfungulia mlango wa mbele.

"Nilimzika bibi yangu nimeshikwa mkono na majirani. Nilikaa hapa nikisikiliza kila bodaboda inayopanda. Ungekuja nayo, ningepanda. Ungekuja kwa miguu, tungerudi kwa miguu." Alijifuta maji ya kahawa vidoleni. "Nilichoka kusikiliza. Siku hizi nalala. Usinirudishe kule kwenye kungoja."

Gari lilipoondoka, Atupele alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye mikahawa, kama mtu anavyosindikiza mgeni. Vitenge hakuvichukua, aliviacha juu ya kiti cha mbele.

Edson alilia mpaka Vwawa. Hakujificha, maana alikuwa peke yake na vioo vimefungwa. Injini ilinguruma sawasawa, kila kitu kikitii, na kwa mara ya kwanza maishani alichukia sauti ya gari zima.

Alipokaribia kituo cha Vwawa, mama mmoja mwenye ndoo na furushi alimpungia mkono. Edson alisimama bila kufikiri. Yule mama akainama dirishani, akaona vitenge vipya vimewekwa vizuri kwenye kiti cha mbele.

"Unaelekea Tunduma, baba?"

"Tunduma."

"Nikae nyuma? Naona hapa mbele kuna mtu."

Edson alivitazama vile vitenge. Alivichukua, akavitupa nyuma, akafungua mlango.

"Hakuna mtu, mama," alisema. "Kaa tu."