Ufa Niliouona Shimoni

Mnisamehe kwa mwandiko huu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane, na ukurasa mmoja hunichukua siku mbili.

Tunachimba mashimo ya vyoo hapa Kitengela. Tulikuwa wanne: msimamizi, mvutaji ndoo, na wachimbaji wawili, mmoja wao mimi. Kila asubuhi, kabla ya mtu kushuka, tunasimama kando ya shimo. Msimamizi alifunzwa utaratibu huo na binti yake anayefanya kazi za kompyuta Nairobi. Hatukai, ili maneno yasirefuke. Kila mmoja anasema jana alifika wapi, leo atafanya nini, na nini kinamzuia. Tunapanga kazi ya siku hiyo tu, kwa sababu udongo mweusi wa huku haukai vile ulivyouacha. Jua likiwaka unapasuka, mvua ikinyesha unavimba. Tangu tuanze hivyo, ugomvi wa zamu uliisha.

Lakini kusema mbele ya watu kunanishinda. Mchimbaji mwenzangu, Mkamba mwenye watoto wawili, alipenda kunichokoza.

"Leo Bubu atatuhutubia. Mleteeni maikrofoni!"

"Achana na yeye," mvutaji ndoo alijibu. "Anaiweka sauti kwa ajili ya harusi yake."

Tulicheka wote, hata mimi.

Asubuhi moja baada ya mvua niliona ufa ukutani, upande wa barabara. Ulikuwa mwembamba, wa kuingiza ukucha. Nikajiambia nitausema zamu yangu ikifika.

"Na wewe kijana, kuna kitu kinakuzuia?" msimamizi akauliza.

Wote wakanitazama.

"Niko sawa," nikasema.

Mwenzangu akashuka. Kabla ya saa nne ukuta ulimwangukia, ukamfunika hadi kifuani. Tulimfukua kwa mikono, tukiogopa kumkata kwa jembe. Alinusurika, ila miguu yake haisikii kitu. Bado amelala wodini, hospitali ya Kajiado.

Jumamosi ni siku yetu ya kuangalia wiki ilivyokwenda. Msimamizi aliuliza tulikosea wapi.

"Tunaongea sana juu ya shimo," mvutaji ndoo alisema, "lakini hatuliangalii."

Tukabadilisha. Sasa kila mtu analizunguka shimo peke yake kwanza. Akiona kitu anaweka jiwe ukingoni mahali pale, hata asiposema neno. Jiwe likiwepo, hakuna anayeshuka.

Mwezi uliopita niliweka jiwe. Mwenye ploti alifoka kwamba tunampotezea siku.

"Mama, leo hakuna mtu anaingia hapo," msimamizi akamwambia.

Tulishinda siku nzima tukiegemeza ukuta kwa mbao. Ukuta haukuanguka, na hakuna aliyenicheka.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala na siri yangu. Jumapili nilienda Kajiado nikiwa na karatasi niliyoandikia kila kitu: kwamba ufa niliuona, na kwamba niliogopa macho yao. Mwenzangu aliisoma mbele yangu, akaikunja mara nne, akageuza uso ukutani. Hakunitukana. Nilikaa kwenye kiti mpaka nesi akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Karatasi alibaki nayo mkononi. Sijui kama nirudi Jumapili hii au nimwache.

Wewe unayesoma, kama uliwahi kunyamaza na mwingine akaumia, niandikie ulifanya nini baadaye. Hata mistari miwili inatosha. Mimi husoma polepole, lakini humaliza.