Dira ya Fedha ya Simai

Khelef bin Suud alikuwa na duka la vitambaa Mchangani, lakini mtu akikaa barazani kwake hakuonyeshwa kitambaa. Alionyeshwa dira. Zilikuwa dira za mfukoni za Kiingereza, za shaba, nyingine kongwe kuliko babu yake, zimelazwa juu ya mahameli ndani ya kabati la kioo. Alizipata minadani, Waingereza wa serikali walipofunga mizigo kurudi kwao. Mkewe, Jokha, alisema mumewe huzifuta vumbi kwa upole ambao yeye hajauona tangu harusi.

Kabati hilo alilitengeneza rafiki yake Simai, seremala wa Malindi, na kwa kuzitazamatazama dira naye akaambukizwa, akaanza kukusanya zake. Khelef alimfundisha kwa furaha: namna ya kulisoma jina la fundi wa London, namna ya kuijua sindano iliyobadilishwa. Furaha hiyo ilidumu maadamu dira za Simai zilikuwa mbovu.

Mwaka 1954 Khelef alisikia kwamba afisa mmoja wa Migombani anauza vyombo vyake. Hakumwambia Simai. Siku ya mnada homa ikamlaza kitandani, na alasiri Simai akaja kumtazama, uso umemchangamka.

"Bwana Khelef, nshapata! Nilikuwa nnapeleka kiti cha watu Migombani, nikaukuta mnada. Hebu tazama."

Ilikuwa dira ya fedha, kifuniko kimenakshiwa majani membamba, sindano yake nyepesi kama unywele. Khelef hakuwahi kushika kitu kama kile. Aliigeuza, akalisoma jina la fundi wa London, akakifunga kifuniko upesi.

"Ya kuiga," alisema. "Wanazitengeneza Bombay."

Simai aliipokea dira yake. Hakuwa na sababu ya kutomwamini aliyemfundisha. Aliifunga katika leso, akamwombea afueni, akaenda zake.

Jokha alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. "Kweli ya kuiga?"

"Wewe unajua nini mambo ya dira?" alijibu Khelef bila ya kumtazama.

Alikusudia asubiri kidogo, kisha aiombe kama kitu kisicho na maana. Lakini alipoiulizia, Simai alisema, "Nshampa ami yangu Mcha, Mangapwani. Husali shambani peke yake. Itamwonyesha kaskazini, apate kibla."

Siku ya pili yake Khelef alikuwa Mangapwani, mfukoni ana dira tatu za shaba. Mzee Mcha alimpokea kwa dafu. Dira ya fedha ilikuwa inaning'inia shingoni mwake kwa kamba ya usumba.

"Shikamoo, Mzee Mcha."

"Marahaba, mwanangu."

Khelef akazitoa zile tatu, akaomba wabadilishane. Mzee alizitazama, kisha akamtazama yeye.

"Hii kanipa mtoto wangu. Na alinambia haina thamani, wewe ndiye ulomwambia. Mbona basi umeifuata mbali hivi?"

Khelef alizirudisha dira zake mfukoni, akaaga. Dafu aliliacha nusu.

Habari zikamfikia Simai. Alikuja dukani, hakupaza sauti. "Ungenambia tu kuwa unaitaka, Bwana Khelef. Ningekupa."

Maneno hayo yalimchoma Khelef kuliko matusi. Alimwomba radhi palepale, Jokha anasikia, na Simai akamsamehe. Dira ikabaki kwa mzee. Wakarudi kukaa barazani pamoja.

Mwaka uliofuata Simai alipata dira nyingine, ya kibweta cha pembe za ndovu. Khelef aliikagua, akaisifu kwa haki, akampa mkono wa pongezi. Kisha akaingia ndani, akakaa mbele ya sahani, akawa anauchezea wali kwa vidole.

"Simai kapata nyengine?" aliuliza Jokha.

"Kapata."

"Na umemwambia nini?"

"Nimemwambia kweli."

"Nzuri?"

"Nzuri kuliko zangu zote," alisema Khelef, akaisukuma sahani.