Mistari Miwili Nyuma ya Kigae

Mimi ni mtu wa mashaka, sikatai. Muuza samaki wa Wanyange akiniapia kuwa sato wake ni wa leo, nafunua mashavu ya kila mmoja, naye hucheka na kuniita askari kanzu. Basi bwana mmoja alipoanza kuja kwenye duka langu la vigae Nalufenya kununua vilivyovunjika, vyeupe tu, nilijua kuna jambo. Nani hujengea vipande? Nilimbana mpaka akasema. Kumbe ananunua dhahabu kwa wachimbaji. Rangi ya nje ya jiwe hudanganya, alinieleza. Unakigeuza kigae upande wa nyuma, ule mkavu usiong'aa, unasugua jiwe, kisha unatazama mstari. Dhahabu huacha mstari wa njano. Lile jiwe jingine, linalometameta kuliko dhahabu yenyewe, huacha mweusi wenye ukijani kidogo.

Mdogo wangu anayeishi Namatala, kule Mbale, alipoposwa na dereva wa lori la kubeba mawe ya Karamoja, nilimchukia yule dereva kabla sijamwona. Mdogo wangu aliomba mahari ya dhahabu, kipande kimoja kikiwa bado ndani ya jiwe lake, kiwe akiba yake. Dereva alikubali upesi mno. Baba yetu ni marehemu na kaka hatuna, kwa hiyo walii wa kumwozesha alikuwa baba mdogo, na adabu haikumruhusu dereva kumpelekea walii mahari kwa mkono wake. Akaniletea mimi nifikishe.

Alipotoka tu nilifunga mlango wa duka, nikatafuta kipande cha kigae, nikasugua. Mstari ukatoka wa njano. Nitasema kweli, nilivunjika moyo. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia. Sikumweleza mtu. Nilipeleka jiwe Mbale, baba mdogo akalifungia sandukuni mwake, ufunguo ukarudi mfukoni mwa kanzu.

Siku chache kabla ya nikahi alinipigia simu.

"Mwanangu, huyu dereva mimi siamini. Kuja na ile vigae yako, tupime hiyo jiwe mbele ya watu."

Ningepaswa kufurahi kupata mwenzangu wa mashaka. Lakini baba mdogo hakuwahi kuniuliza chochote kuhusu vigae, na tangu mwanzo alitaka mdogo wangu aolewe na mshirika wake wa biashara ya maharage. Nani alimfundisha kupima jiwe kwa kigae? Nilikifunga kigae kilekile katika leso, nikaenda nacho.

Siku ya nikahi tulikaa sebuleni kwake, sheikh na wanaume upande wa mlango, sisi upande wa pazia. Mdogo wangu alikuwa ameshapakwa hina. Baba mdogo alitoa jiwe, akapokea kigae bila kukitazama sana, akasugua pembeni. Mstari ulitoka mweusi. Akakiinua kila mtu aone, akamwambia sheikh kwamba nikahi haipo, binti hawezi kupewa mwizi.

Dereva alisimama. "Baba, mimi nilileta jiwe mzuri. Mungu iko naona."

Mdogo wangu hakulia. Alikuwa anatazama mikono yake yenye hina.

Nikamwomba sheikh ageuze kigae kidogo, atazame pembe ya pili. Mstari wangu ulikuwepo, mwembamba, wa njano. Nikasema huo ni wa jiwe nililopewa na dereva, niliupiga mwenyewe dukani kabla sijalipeleka kwa baba mdogo. Sheikh alitazama pembe moja, akatazama nyingine, kisha akamwambia baba mdogo kwa upole arudi ndani, huenda mawe yamechanganyika sandukuni.

Hakukawia. Alirudi na jiwe jingine, akasema kweli yamechanganyika, macho yameanza kumchoka. Sheikh alilisugua mwenyewe, likatoa njano. Baba mdogo akaketi, akashika mkono wa dereva, akaozesha kwa sauti ndogo.

Tulipobaki wawili mdogo wangu aliniuliza, "Dada, ulilijaribu lini?"

Nikamwambia, siku ileile aliyolileta.

"Kwa hiyo na wewe ulimwona mwizi."

Nikasema ndiyo. Akaniomba kigae.

Mwaka huu nimemtembelea mara kadhaa Namatala. Dhahabu sijui ameificha wapi, na sijamuuliza. Kigae amekisimamisha juu ya kabati, mgongo wake wenye mistari ukiwaelekea wageni. Baba mdogo akija hupewa kikombe cha kwanza cha kahawa, kwa heshima zote, na kiti chake ni kile kinachotazamana na kabati. Cha kwangu kimewekwa hapohapo pembeni yake.