Treni ya Kaka Yangu Uani

Kaka yangu ni wakala wa forodha hapa Tunduma, mtu mzima mwenye kitambi, miwani na wajukuu. Kila Jumapili akitoka ibadani anavua suti, anavaa kofia ya stesheni masta aliyoshonewa na fundi wa sokoni, anapanda juu ya kichwa cha treni kinacholingana na meza ya sebuleni, na kuanza kuizunguka nyumba yake mwenyewe. Magoti yanamfika kifuani. Anapiga honi. Anazunguka tena.

Nikiwasimulia wateja wangu wanadhani nasema kijitreni cha betri, kile cha kuwekea watoto juu ya zulia. Hapana. Hii ni reli ya chuma iliyochomelewa kipande kwa kipande na kulazwa juu ya mataruma ya mkaratusi, na ina mabehewa matatu ambayo mtu mzima anayakalia kama anayepanda punda. Kichwa chake kinaendeshwa na injini ya pampu ya kumwagilia. Kina moshi, kina kelele, kina breki. Kitu pekee ambacho hakina ni mahali pa kwenda.

Ugonjwa ulimwanzia ofisini. Kazi ya uwakala ni kusubiri: malori yamekwama, mtandao umekatika, hati imerudishwa kwa sababu ya herufi moja. Wenzake wakisubiri hucheza bao au hugombania siasa. Yeye alikuwa anatazama simu, video za wazee wa Ulaya wanaozungusha treni kwenye bustani zao. Siku moja alikuja kwenye kibanda changu cha vitenge, akanisogezea simu usoni.

"Mdogo wangu, tazama hii. Mzee huyu amejenga mwenyewe, kila kitu."

Nikatazama. Mzee mwenye kaptura alikuwa anazunguka mti.

"Anakwenda wapi?" nikauliza.

"Haendi popote. Ndiyo raha yake."

Nilimrudishia simu nikaendelea kumpimia mteja kitenge. Nilidhani yameishia hapo.

Nyumba ya kaka iko mtaa wa mteremko, si mbali na barabara kuu. Ukifungua geti lake unaona malori ya kwenda Zambia na Kongo yamejipanga mpaka macho yanachoka. Treni ya kweli inapita mjini kwetu, inapiga honi ya kweli, inabeba mizigo ya kweli. Mwanamume anayeishi katikati ya magari yote hayo akaona kilichopungua katika maisha yake ni gari jingine, dogo, la bandia.

Wifi yangu alikuwa na bustani ya mchicha na figiri pembeni mwa ua, na migomba michache nyuma ya jiko. Migomba ndiyo iliyotangulia kuondoka, kwa sababu kona isingekatika vizuri. Kisha figiri. Kisha kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu ingemkata dereva shingo. Kila akitoka jikoni na sufuria, wifi alilazimika kuinua mguu kuvuka reli. Nilimuuliza kwa nini hasemi kitu.

"Wifi, wanaume wenzake wanajenga nyumba ndogo huko Mlowo, na ndani yake wanaweka mtu," akanijibu. "Wangu kajenga reli. Nimwache."

Jibu hilo liliniuma. Yaani mwanamke ashukuru kwa kuwa ametendewa ujinga badala ya uovu?

Siku ya uzinduzi alialika ndugu, majirani, na mfanyabiashara mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, ambaye naye, kumbe, alikuwa ameambukizwa. Huyo alifika na kamera, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nyeupe ili aone magurudumu. "Cawama sana, mukwai!" alikuwa anasema kwa Kibemba, yaani ni nzuri sana, akipapasa chuma utafikiri kichwa cha mtoto mchanga. Wakaanza kuongea, yeye na kaka, juu ya upana wa reli na ukali wa kona. Wanaume wawili wenye madeni, wenye wake, wenye shinikizo la damu. Hawakusikia hata tulipowaita kula.

Mama yetu alikuwa ametoka Ileje kwa ajili ya shughuli hiyo. Mama hasafiri ovyo. Magoti yake yamechakaa kwa milima ya kule, na kufika kwake Tunduma ni jambo la kupanga. Kaka alimshika mkono kwa heshima zote, akamkalisha kwenye behewa la kwanza juu ya mto, akamfunika miguu na kitenge. Akapuliza filimbi. Wakaondoka. Mama alipita jikoni, akapita chooni, akapita kwenye handaki la saruji ambamo alilazimika kuinama, akarudi pale pale alipopandia. Watu wakapiga makofi.

"Sasa tumefika wapi?" mama akauliza.

"Tumerudi stesheni, mama."

"Stesheni ndiyo hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Lakini mimi nilikuwa nimeshafika hapa, mwanangu. Nilifika tangu asubuhi."

Alisema bila kejeli kabisa, kama anayemwelekeza mtu aliyepotea njia. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kaka hakukasirika. Alimteremsha mama taratibu, akamwita anayefuata.

Nami nilipanda, kwa sababu wifi alinibembeleza. Nilikaa upande upande kwa ajili ya sketi. Nitasema ukweli: kwenye kona ya nyuma, pale ilipokuwa migomba, treni inashika kasi kidogo, chuma kinaimba chini yako, na kwa muda mfupi hufikirii wateja wala kodi ya kibanda. Nilielewa wanachokipata. Kwenye reli ile kaka ndiye forodha, ndiye dereva, ndiye abiria. Hakuna wa kumsimamisha wala kumwambia mtandao haupatikani. Nilielewa, na nikazidi kumdharau. Kama nafuu ya mtu ni kuwa mkubwa wa nchi isiyozidi ua wake, basi mtu huyo ameshakata tamaa na nchi nyingine zote.

Kisha zikaja mvua.

Ili reli ilale sawa kwenye mteremko, kaka alikuwa amejaza udongo na mawe upande wa chini, tuta refu lililofika usawa wa kiuno. Hakuna aliyefikiria maji yangepita wapi. Jioni moja ya masika niko kwao, nimezuiwa na mvua, maji yakaanza kukusanyika nyuma ya tuta mpaka likawa bwawa. Kona moja ikaachia. Maji yote yalikwenda kwa jirani wa chini, mjane anayeuza maharage, ambaye chumba chake cha mbele ndicho ghala lake.

Tulimsikia akipiga kelele. Wifi alitoka mbio bila viatu, nami nyuma yake. Tulikuta magunia yameloa hadi nusu, mjane amesimama majini akijaribu kuinua gunia ambalo wanaume wawili wangelihangaikia. Tukaanza kuburuta. Nikageuka kumwita kaka.

Kaka alikuwa nje kwenye mvua, ndiyo. Alikuwa na turubai. Alikuwa anafunika kichwa cha treni.

"Kaka!" nikamwita juu ya ukuta. "Maharage ya watu yanaharibika!"

"Nakuja! Injini ikiingia maji imekufa!"

Akaendelea kufunga kamba, kwa uangalifu, fundo juu ya fundo. Alipofika kwa jirani sisi tulishamaliza, na mjane alikuwa amekaa juu ya meza, amejishika kichwa. Kaka alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika kwenye kofia ile ile ya stesheni masta, akasema, "Pole sana, mama." Mjane alimtazama kofia kwa muda, halafu akatazama pembeni. Sijawahi kuona aibu kama ile, na haikuwa ya kaka. Ilikuwa yangu na wifi.

Alilipa maharage yote, hilo sitamnyima. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akaamuru tuta likatwe maji yapate njia. Nikafikiri sasa tumepona: reli iliyokatwa haizunguki, na treni isiyozunguka itauzwa vyuma chakavu.

Kaka alikata tuta mwenyewe, kwa sururu, wiki nzima akitoka kazini. Halafu pale alipokata akajenga daraja.

Daraja la vyuma, lenye nguzo na matao, limepakwa rangi nyekundu. Mfanyabiashara wa Nakonde alivuka mpaka siku tatu mfululizo kuja kushika vipimo. Watu wa mtaa wanakuja kupiga picha. Mwenyekiti aliyeamuru tuta likatwe alipanda na mkewe, akapunga mkono. Na mjane, yule yule, siku hizi Jumapili anawaleta wajukuu zake wanazungushwa bure, na yeye anakaa kwenye ngazi na wifi wakichambua mchele.

Nilimuuliza mjane kama amesahau.

"Sijasahau," akasema. "Lakini maji sasa yanapita vizuri kuliko zamani. Na daraja ni zuri, usiseme uongo."

Jumapili iliyopita nilipita kuwasalimu, nikamkuta kaka amelala chali chini ya daraja, anapaka grisi, kitambi kimegusa chuma. Akaniambia bila kutoka kwamba anafikiria njia ya pili, ya kupishania treni. Nikamuuliza atapishana na nani.

"Na mimi mwenyewe," akasema, na alikuwa hatanii.

Nikavuka reli, nikaingia jikoni kumsaidia wifi kumenya ndizi, ambazo siku hizi ananunua sokoni.