Pipa la Bia na Swali la Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Naro Moru, wakati kijana aliyetaka kunioa alipofika kwa baba yangu akisukuma pipa la bia kwenye mkokoteni. Mwanangu, usicheke bado.

Lilikuwa lile pipa la chuma cheupe wanalouzia bia kwenye baa. Hoteli moja ya zamani ilikuwa imefunga baa yake na kuuza vyombo, na Mureithi, ndilo lilikuwa jina lake, akajipatia moja. Alitaka likatwe juu na kuwekwa mfereji wa kutolea maji chini, liwe sufuria kubwa ya kuchemshia maji ya miwa. Kwao Kiriaini walikuwa wanajiandaa kupika muratina, pombe yetu ya miwa na asali, ya kuleta kwetu siku ya ruracio, yaani siku ya mahari.

Sasa unajua desturi. Siku hiyo baba hushika pembe yenye pombe, akamuuliza binti yake mbele ya wazee wote kama ainywe. Binti akisema kunywa, mambo yamekwisha. Akikataa, baba huimwaga chini, na wageni hurudi walikotoka. Na huyu kijana alikuwa anamletea baba yuleyule chombo cha kuipikia! Mama alinuna, akasema watu wa Kiriaini hawana adabu. Baba alicheka tu. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na pale mjini ni yeye pekee aliyeweza chuma cha aina ile, kwa hiyo kijana angeenda wapi?

Mimi nilikuwa nimewapelekea chai. Nilisimama kando, kimya, kama nilivyokuwa kimya tangu mwezi ule uanze. Nyumbani walinisifu kwa kimya hicho. Shangazi zangu walisema hiyo ndiyo heshima ya msichana anayeolewa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naumia. Nilikuwa nasomea ualimu, bado mwaka mmoja nimalize, na mama yake Mureithi alikuwa ameshaamua kwamba nikiolewa nitaacha masomo niende kuchuma naye chai. Mureithi nilimpenda, mwanangu, nilimpenda sana. Lakini kila nikiwaza ile siku ya pembe nilijiona nikisema kunywa kwa mdomo huku moyo unakataa. Mbele ya hema lililojaa watu, nani angethubutu kusema vingine?

Mureithi alitaka kumwonyesha baba kwamba yeye si mtu wa kukaa akitazama. Akachukua mashine ya kukatia vyuma, akaiweka juu ya pipa. Kabla hajaiwasha, baba alimshika mkono.

"Wacha kwanza," alisema. "Hii kitu bado iko na pumzi ndani."

Mureithi akasema ni tupu, amelitikisa njiani na halina kitu. Baba hakubishana naye. Alifunika mdomo wa pipa kwa gunia, akabonyeza kizibo kilicho katikati ya mdomo huo kwa bisibisi. Mwanangu, lilitoa sauti ya kutisha, na povu la bia iliyochacha likapita pembeni mwa gunia na kumrukia Mureithi kwenye shati lake jeupe. Pipa likaendelea kupumua kwa muda mrefu, mpaka likanyamaza kabisa.

"Ungekata vile ilikuwa, ingekurukia kwa macho," baba alimwambia, bila ukali.

Halafu akageuka, akanitazama mimi. Baba yangu aliniita Maitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na alipolitamka jina hilo polepole hivyo sikuweza kumdanganya.

"Na wewe, Maitu, uko na nini ndani?"

Nililia kwanza. Kisha nikasema yote, birika bado liko mkononi. Kwamba nataka kumaliza shule. Kwamba nampenda huyu aliyelowa bia, lakini hakuna aliyeniuliza neno, hata yeye. Mureithi alisimama pale ananuka kama baa, akaniambia alidhani nimekubali kwa kuwa sikuwa nimesema kitu. Nilimwona ameumia, nami nikaogopa kwamba nimempoteza.

Baba alisema pipa halitakatwa siku hiyo. Akamwambia Mureithi aende nyumbani aongee na mama yake, na akirudi, arudi na jibu.

Siku zile nilikuwa sili. Kila gari likisimama barabarani nilitoka kutazama. Mama alinilaumu, akasema nimejiharibia mwenyewe. Baba naye kila asubuhi alipanguza lile pipa vumbi.

Mureithi alirudi. Alikuwa amekonda kidogo. Alisema mama yake ameongea maneno mengi, lakini amesikia, na ruracio itangoja mpaka nimalize. Baba alivaa miwani yake, akachora duara kwa chaki juu ya pipa, akalikata. Akalainisha makali kwa tupa ili lisimkate mtu mkono, akachomelea mfereji chini, akalijaza maji kuona kama linavuja. Halikuvuja.

Mwaka ulipita, siku ikafika. Baba alisimama chini ya hema na pembe mkononi, akaniuliza, "Maitu, ninywe?" Jibu alilijua. Alikuwa amelijua mwaka mzima. Lakini aliishika pembe mbali na mdomo akiningoja, kwa sababu kama hata siku hiyo ningesema hapana, angeimwaga yote.

Nikamwambia, "Kunywa, Baba." Akanywa akilia.

Basi, mwanangu, ukitaka kumwoa mtu, muulize anachotaka mkiwa wawili, jikoni au njiani, kabla ya hema kusimamishwa. Usihesabu kimya chake kuwa ndiyo. Na ukiwa wewe ndiye unayeolewa, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka na birika liko mkononi. Atakayekupenda atarudi, na asiporudi, ni heri umejua.

Mungu akupe mtu wa kukuuliza, mwanangu, na akupe ujasiri wa kumjibu. Na siku ukiwa wewe ndiye umeshika pembe, akujalie uwe tayari kuimwaga.